Kuchagua kadi ya mkopo ya pointi za safari: anza na tiketi, kadi ije mwisho

Watu wengi wakitaka kadi ya pointi za safari swali lao la kwanza ni "ipi ndo nzuri?", mtu anawatajia kadi anayoitumia yeye, na jioni ileile wameshajaza fomu. Mi naona tatizo linaanzia hapo, kwa sababu kadi inayomlipa mtu anayepanda ndege kila mwezi kikazi inaweza kuwa hasara tupu kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda kuwaona wazazi. Nenda kinyumenyume: safari kwanza, halafu shirika la ndege linaloenda huko, halafu pointi ambazo shirika hilo linazikubali, na kadi ndo iwe ya mwisho. Ukifuata huo mpangilio utashangaa kadi nyingi zinajitoa zenyewe kwenye orodha bila hata kusoma tangazo lake.

Ila kabla hata ya safari kuna hatua moja ambayo naomba usiiruke hata kama una haraka kiasi gani.

Hatua ya 1: Angalia unalipaje deni lako

Hii kadi ni mkopo. Ukilipa deni lote lililoandikwa kwenye stetimenti (taarifa ya kadi ya kila mwezi) kabla ya tarehe ya mwisho hulipi riba kwenye manunuzi, una wiki kama tatu hivi toka stetimenti itoke (kule Marekani sheria inataka zisipungue siku 21). Ukibakiza hata kidogo riba inaanza, na kwa kadi nyingi ule muda wa bila riba unaupoteza, yani hata kitu ulichonunua jana kinaanza kuhesabiwa riba kuanzia jana hiyohiyo.

Sasa piga hesabu. Kadi yenye riba ya 24% kwa mwaka inakukata kama 2% kila mwezi, na pointi za kawaida ukizibadilisha kuwa hela zinakurudishia kati ya 1% na 2% ya ulichotumia. Kwahiyo ukibeba deni mwezi mmoja pointi zote zimeshaondoka, ukibeba mitatu unalipia ile safari ya bure mara mbili au zaidi. Kama unajijua kuna miezi hutalipa lote, tafuta kadi yenye riba ndogo na usahau pointi kwa sasa, nasema hivi kwa nia njema kabisa maana hakuna bonasi inayoweza kushindana na riba.

Kile "kiwango cha chini" wanachokuandikia kwenye stetimenti kinakuepusha na faini ya kuchelewa tu, riba inaendelea palepale. Ukishapata kadi weka malipo ya otomatiki ya deni LOTE, sio ya kiwango cha chini, angalia vizuri unapochagua kwenye apu maana mara nyingi zote mbili ziko pamoja. Na usitoe keshi kwenye ATM kwa kadi ya mkopo, riba inaanza siku hiyohiyo, kuna ada juu yake, na pointi hupati.

Hatua ya 2: Jua pointi zinatoka wapi

Hii nimeiweka mapema kwa sababu ukiielewa hutadanganyika na makala za nchi nyingine. Kila ukilipa kwa kadi mwenye duka anakatwa asilimia fulani, na sehemu ya hayo makato inarudi kwa benki iliyokupa kadi, humo ndo pointi zako zinapotoka (pamoja na riba za wale wanaobeba deni, na ada za mwaka). Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka kikomo, sehemu inayoenda benki kwa kadi ya mkopo ya mtu binafsi isizidi 0.3%. Marekani hakuna kikomo cha hivyo kwa kadi za mkopo na makato ni makubwa zaidi. Ndo maana kadi za Marekani zinatoa bonasi nono na za Ulaya zinaonekana za kawaida tu, sio kwamba benki za upande mmoja zina roho nzuri kuliko za upande mwingine. Kwahiyo ukisoma mtu anasema kapata maili 80,000 (maili ni pointi za shirika la ndege) kwa kadi fulani angalia kwanza yuko nchi gani, usije ukaikataa kadi nzuri ya kwenu kwa kuilinganisha na kitu ambacho huwezi kukipata.

Jambo la pili, mashirika ya ndege yanaziuza maili kwa benki. Ni biashara kubwa kwelikweli: Delta mwaka 2023 ilipata karibu dola bilioni 7 kutoka American Express kwa ajili ya mkataba wao wa kadi, na United mwaka 2020 wakati ndege zimelala chini kwa korona iliweka mpango wake wa maili rehani ikakopa dola bilioni 6.8. Anayetengeneza maili ndo huyohuyo anayepanga tiketi inauzwa maili ngapi, na anaweza kubadilisha bei bila kukuuliza. Delta waliondoa kabisa jedwali la bei za maili mwaka 2015, siku hizi bei inapanda na kushuka kama ya tiketi ya hela. Kwahiyo pointi sio akiba ya kuweka miaka kumi, ni kitu cha kukusanya ukiwa na safari kichwani na kutumia.

Hatua ya 3: Andika safari yenyewe

Chukua karatasi au simu, andika unataka kwenda wapi, mwezi gani, watu wangapi, na kama uko tayari kubadilisha tarehe. Hilo la tarehe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Viti vya kulipia kwa maili kwa bei nafuu ni vichache kwenye kila ndege, msimu wa likizo za shule na sikukuu vinaisha mapema, na kama mko wanne mnataka ndege moja siku moja inakuwa ngumu mara nne. Mtu mwenye ratiba isiyobadilika asione haya kuchagua kadi ya kurudishiwa hela kawaida akanunua tiketi yoyote anayoitaka.

Halafu angalia mashirika gani yanafika huko. Hapa kuna kitu kinawapita wengi: huhitaji maili za shirika lenyewe unalopanda. Kuna miungano mitatu mikubwa, Star Alliance iliyoanza 1997, oneworld 1999 na SkyTeam 2000, na maili za mwanachama mmoja kwa kawaida zinakata tiketi ya mwanachama mwingine. Ethiopian Airlines iko Star Alliance, kwahiyo maili za United zinaweza kukuweka kwenye ndege ya Ethiopian. Kenya Airways iko SkyTeam, unaweza kuipanda kwa maili za Flying Blue ambao ni mpango wa Air France na KLM. Qatar Airways iko oneworld na inatumia Avios, pointi zilezile za British Airways. Emirates haimo kwenye muungano wowote, ina mpango wake wa Skywards na washirika wa mmoja mmoja.

Sasa fungua akaunti ya bure kwenye mpango wa maili wa shirika moja au mawili uliyoyaona, mengi yanakuruhusu kutafuta viti vya maili hata kama akaunti yako ina sifuri. Tafuta safari yako ileile uliyoandika. Nakili vitu vitatu: maili wanazotaka, kodi na tozo za kulipa kwa hela, na bei ya tiketi hiyohiyo ukinunua kwa hela. Usiache tozo, kuna mashirika yanaongeza tozo ya mafuta kwenye tiketi ya maili na unajikuta "tiketi ya bure" inakudai mamia ya dola. Safari ileile ukiikata kupitia mpango wa mshirika mwingine tozo inaweza kuwa ndogo sana, ndo maana nasema tafuta sehemu mbili.

Hatua ya 4: Chagua aina ya pointi (bado hatujafika kwenye kadi)

Kuna pointi za shirika moja la ndege au mahoteli, mfano maili za United au pointi za Marriott Bonvoy. Kuna pointi za benki zinazohamishika, mfano Membership Rewards za American Express au Ultimate Rewards za Chase, hizi unazikusanya benki halafu unazihamishia kwa shirika unalotaka siku unayokata tiketi. Na kuna pointi za thamani isiyobadilika, ambazo kimsingi ni kurudishiwa hela kwa jina lingine.

Kwa mtu ambaye bado hajajua atapanda shirika gani mwakani, za benki zinazohamishika ndo chaguo langu bila kusita. Shirika moja likipandisha bei unaenda kwa lingine. Ila zina sheria zake: ukishahamisha hazirudi, kwahiyo hakikisha kiti kipo kwanza ndo uhamishe. Uwiano sio lazima uwe moja kwa moja, kuna washirika wanakupa maili pungufu. Kuna uhamisho wa dakika chache na kuna wa siku kadhaa, na siku kadhaa zinatosha kiti kuchukuliwa na mwingine. Majina kwenye akaunti zote mbili yafanane pia, usiwe na majina mawili benki na matatu kwenye ndege.

Kadi ya shirika moja inafaa lini? Pale unapokaa karibu na uwanja ambao shirika hilo ndo limetawala na ungelipanda hata bila kadi. Hapo faida kubwa mara nyingi sio maili, ni begi la bure. Mkiwa watu kadhaa na kadi inawahesabia na wenzako wa kwenye buking moja, begi peke yake linaweza kulipa ada ya mwaka kwa safari moja tu.

Na angalia kuisha muda. Maili za Delta na United hazina mwisho (United waliondoa mwaka 2019), za American Airlines zinaisha ukikaa miezi 24 bila kufanya chochote kwenye akaunti, za KrisFlyer ya Singapore Airlines zinaisha baada ya miezi 36 toka uzipate hata kama unaitumia akaunti kila wiki.

Hatua ya 5: Zipe pointi bei

Chukua bei ya tiketi kwa hela, toa kodi na tozo utakazolipa kwenye tiketi ya maili, kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili. Mfano tiketi inauzwa dola 600, kwa maili ni 30,000 pamoja na tozo ya dola 90. 600 toa 90 ni 510, gawanya kwa 30,000 unapata 0.017, yani kila maili imekulipa senti 1.7. Kama ungeweza kutumia kadi ya kurudishiwa 2% badala yake, basi kadi inayokupa maili moja kwa kila dola imekupa 1.7% na umepoteza. Ikikupa maili mbili kwa kila dola umepata 3.4%, hapo inaeleweka.

Angalizo moja tu hapa: usitumie bei ya bizinesi klasi kupandisha hesabu kama usingeilipa kamwe kwa hela yako. Mtu anasema pointi zake zimemlipa senti 8 kwa sababu kiti kinauzwa dola 5,000, lakini yeye angenunua cha 700 tu, kwahiyo kwake thamani ni ya 700 na kidogo juu kwa kulala vizuri njiani. Na vocha za maduka na vifaa vya umeme kwenye katalogi ya pointi viache, hapo ndo pointi inanunuliwa kwa bei ya chini kabisa.

Hatua ya 6: Sasa kadi. Anza na makato, sio zawadi

Ada ya mwaka. Tuseme kadi moja haina ada na inakurudishia 1.5%, nyingine ada ni dola 95 na inakurudishia 2%. Tofauti ni nusu asilimia, kwahiyo unahitaji kutumia dola 19,000 kwa mwaka ili ada tu ijilipe, chini ya hapo kadi ya bure inashinda. Fanya hesabu hii na namba zako halisi za mwaka uliopita, fungua stetimenti za benki, usikisie maana watu wanajikadiria juu. Zile kadi za ada kubwa zinakuja na vocha za teksi, hoteli, na vitu vya kila mwezi: hesabu vile tu ambavyo ungenunua hata bila kadi, vingine weka sifuri. Launji (vyumba vya kupumzikia uwanja wa ndege) ni hivyohivyo, uliza zipo kwenye viwanja unavyopita wewe au la, unaingia mara ngapi kwa mwaka, na uliyeongozana naye anaingia bure au analipa.

Ada ya miamala ya nje ya nchi. Hii kwangu inaamua kila kitu, na inashangaza kadi ngapi zenye picha ya ndege zinaitoza. Mara nyingi inafika mpaka 3%. Kadi inayokupa pointi za 2% na kukukata 3% kila ukilipa kwa fedha za kigeni inakutia hasara kulekule safarini ambako ulitaka ikusaidie, na inakukata pia ukinunua kwenye tovuti ya nje ukiwa umekaa nyumbani. Kama unaenda nje, chagua yenye sifuri. Basi.

Na hata ukiwa na yenye sifuri kuna mtego wa kwenye mashine: unalipa hotelini mashine inakuuliza ulipe kwa fedha ya nchi yako au ya hapo ulipo. Chagua ya hapo ulipo kila mara. Ukichagua ya nchi yako wao ndo wanaobadilisha fedha, kwa reti yao, na reti yao inakuwa mbaya kuliko ya Visa au Mastercard. Mhudumu akikuchagulia bila kukuuliza mwambie afute muamala arudie.

Mtandao wa kadi. Visa na Mastercard zinapokelewa sehemu nyingi zaidi, American Express sehemu nyingi hasa maduka madogo wanaikataa kwa sababu ya makato. Kama umependa kadi ya American Express sawa, ila beba na nyingine ya mtandao tofauti, na ziweke mifuko tofauti. Omba PIN pia kabla ya kusafiri, mashine za tiketi za treni zisizo na mtu zinaweza kuidai.

Limiti, yani kiasi cha juu unachoruhusiwa kutumia kwenye kadi. Hoteli na kampuni za kukodisha magari wanazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana, ukiwa na limiti ndogo safari inakwama mapokezi. Uliza benki watakupa kiasi gani.

Hatua ya 7: Bonasi ya kuanzia

Hapa ndo pointi nyingi zilipo, kuliko mwaka mzima wa kununua vitu. Sharti ni kutumia kiasi fulani ndani ya muda, mara nyingi miezi mitatu. Omba kadi wakati unajua kuna bili kubwa inakuja ambayo ungeilipa tu, bima ya gari, ada ya shule, fenicha, ila uliza kwanza kama anayelipwa anaongeza asilimia kwa malipo ya kadi. Usinunue kitu usichokihitaji ili ufikie kiwango. Ada ya mwaka, kutoa keshi na kuhamisha deni kwa kawaida havihesabiki, na ukirudisha bidhaa dukani wanapunguza, kwahiyo pitiliza kiwango kidogo usikae palepale ukingoni.

Kila benki ina sheria ya nani anapewa. American Express kule Marekani kwa kawaida wanatoa bonasi ya kadi moja mara moja tu maishani, Chase wanajulikana kumkataa mtu aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24. Kila ombi linaacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo, kwahiyo kama unapanga kuomba mkopo wa nyumba karibuni acha kwanza kadi zisubiri.

Na zile "pointi mara tatu kwenye hoteli na chakula" zinategemea namba ya tarakimu nne ambayo mashine ya muuzaji imesajiliwa nayo. 7011 ni hoteli, 5411 ni supamaketi, 4722 ni wakala wa safari. Ukila kwenye mgahawa ulioko ndani ya hoteli unaweza kusomeka hoteli, ukikata tiketi kwa wakala inasomeka wakala sio shirika la ndege. Soma maneno ya benki, wanasema "safari" yote au "ndege zilizokatwa moja kwa moja kwa shirika" tu? Tofauti yake ni kubwa.

Hatua ya 8: Bima

Isome kabla hujaihitaji. Nyingi zinataka tiketi iwe imelipwa kwa kadi hiyohiyo. Kama unakata kwa maili uliza kama kulipa kodi tu kwa kadi kunatosha. Angalia ugonjwa uliokuwa nao kabla, umri, idadi ya siku za safari, na siku ngapi unazo za kupeleka madai. Bima ya mizigo na kuchelewa sio bima ya matibabu, usizichanganye. Kama unaomba viza ya Schengen wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, kwahiyo iombe benki barua inayotaja kiasi hicho na nchi zinazohusika, wakishindwa kuitoa nunua bima ya kujitegemea wala usibishane nao.

Hatua ya 9: Mwaka ukikaribia kuisha

Siku unayopokea kadi weka alama kwenye kalenda ya simu, miezi kumi na moja mbele. Siku hiyo rudia hesabu ya hatua ya 6 kwa matumizi halisi ya mwaka, sio uliyotarajia. Kama ada haijajilipa piga simu benki uulize kama wana chochote cha kukubakiza, mara nyingine wanatoa pointi au wanapunguza ada, na kama hawana omba wakushushe kwenye kadi yao isiyo na ada ili umri wa akaunti usipotee. Ukiamua kufunga kabisa, toa pointi kwanza: za benki kwa kawaida zinakufa na akaunti, wakati maili zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yako ya shirika la ndege zinabaki kuwa zako. Kwahiyo hamisha au kata tiketi, subiri uone zimefika, ndo upige simu ya kufunga.